Mwongozo kwa Atakaye Kutunga Riwaya Kando ya Ziwa Victoria

Wewe uliyekusudia kutunga riwaya, nawe makazi yako ni Mwanza, au Sengerema, au Magu, au kimojawapo cha visiwa vinavyoonekana asubuhi kutoka juu ya vilima vya jiji, yamkini umekwisha kuambiwa, au umejiambia mwenyewe kwa siri, ya kwamba fasihi ya Kiswahili ni milki ya watu wa pwani ya bahari, wa Lamu na Mombasa na Tanga na Unguja, na ya kwamba mtu wa bara, ambaye bibi yake alimsimulia hadithi kwa Kisukuma au kwa Kijita, hana budi kwenda huko kuazima mandhari, na watu, na hata huzuni za kuandikia. Dhana hiyo iondoe moyoni kabla hujashika kalamu, maana ni batili, na ubatili wake unathibitishwa na jirani zako. Panda meli iendayo Nansio, nawe baada ya saa tatu hivi utashuka katika kisiwa cha Ukerewe, ambacho eneo lake ni takriban kilomita za mraba 530 tu, na ambacho kimewazaa Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika, watunzi watatu ambao mtu akiwaondoa katika historia ya riwaya yetu, pengo litakalobaki halitazibika kwa urahisi.

Ninalokushauri kwanza ni kuwasoma watu hawa. Walakini usiwasome kwa namna ya msomaji wa kawaida, ambaye hutosheka akijua nini kilimpata nani, bali wasome kama kijana anayejifunza useremala wa mitumbwi autazamavyo mtumbwi uliopinduliwa ufukweni, akipitisha kidole penye maungo ya mbao, akiuliza ubao huu umeshikwa na nini na kwa nini maji hayaingii. Sura moja isome mara ya kwanza kwa raha yako, kisha irudie ukiwa na daftari, uandike: mtunzi ameanzia wapi, amenyamazia nini, nani amepewa maneno na nani amenyimwa, siku ngapi za maisha ya wahusika zimepita katika kurasa hizi chache. Kazi hiyo huchosha, lakini sura tatu zilizosomwa hivyo zitakufaa kuliko vitabu kumi vilivyopitiwa mbiombio.

Anza na Kitereza, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma kwa mapadri wa Kagunguli na baadaye katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akarudi kwao akawa katekista na mfasiri, mtu mwenye lugha nyingi kinywani ambaye hata hivyo hakuacha kuisikiliza ile ya kwanza. Alipoona ya kuwa mambo ya wazee wake yanatoweka, na alipotiwa moyo na padri mmoja wa Kikanada, Almas Simard, alikaa akaandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa, akakimaliza mwaka 1945. Kitabu hicho ndicho tunachokisoma leo kwa Kiswahili kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali.

Zingatia vema hila njema aliyoitumia. Mtu aliyetaka kuhifadhi mila angaliweza kuandika kitabu cha mila, kikawa na mlango wa ndoa, na mlango wa kilimo, na mlango wa uvuvi, na mlango wa mazishi, nacho kingalikaa rafuni kikimngojea mwanachuoni mmoja katika kila kizazi. Yeye alichagua nyumba moja. Alimtwaa mume na mke wanaopendana, akawanyima mtoto, akawaweka mbele ya ndugu wenye ndimi kali, na tangu hapo kila mila anayoieleza inakuja kwa kuwa watu hao wawili wanaihitaji. Wakwe wanapomchukua binti yao, Myombekere hana budi kwenda kumwomba, na anapotozwa faini ya pombe ya ndizi, kazi ndefu ya kuitengeneza pombe ile, ambayo kwingine tungeisoma kwa kupiga miayo, tunaifuata hatua kwa hatua, kwa sababu tunajua ya kuwa mwisho wa kazi hiyo kuna mke atakayerudi nyumbani au asiyerudi. Hapo ndipo ilipo siri ya ufundi wake, na ningependa uitie akilini kuliko jambo jingine lolote nitakalolisema katika mwongozo huu: maarifa ya maisha ya watu hayawi riwaya mpaka yawe na mtu anayeyahitaji kwa dhiki, wala dhiki ya mtu haiaminiki mpaka isimame juu ya maarifa ya hakika.

Kuna jambo jingine katika kitabu hicho, nalo nalitaja kwa taadhima. Kitereza na mkewe waliwazika watoto wao, naye, ijapokuwa desturi ilimruhusu na watu walimhimiza, hakumwoa mke wa pili. Mwenye kuyajua hayo akiisoma habari ya Myombekere na Bugonoka hawezi kukosa kuhisi ni kisima gani maji yale yalikotekwa. Hata hivyo mtunzi hajajiandika mwenyewe, wala hajatuomba tumlilie. Ameichukua huzuni yake akaipeleka nyuma, katika zama za kabla ya kuzaliwa kwake, akaivika watu wengine, akaipa na vicheko na ugomvi na harufu ya jikoni. Nawe ukiwa na jeraha, na nani asiye nalo, usikimbilie kuliandika kama lilivyo katika mwaka uleule lililokupata. Litafutie mhusika aliye mbali nawe kwa umri, au kwa jinsi, au kwa zama, umkabidhi, kisha umwache alichukue kwa tabia yake na si kwa tabia yako.

Sasa fanya zoezi. Nenda mwaloni Kirumba, au mwalo wowote ulio karibu nawe, ukajifunze kazi moja tu mpaka uijue kama aijuavyo mwenye kuifanya. Tuseme ni kazi ya dagaa. Utaambiwa ya kuwa wavuvi hutoka jioni, na giza likiingia huwasha taa juu ya maji, zamani karabai za mafuta ya taa, siku hizi aghalabu taa za betri au za sola, dagaa wakavutwa na mwanga, na wavu ukawapokea; na ya kuwa mwezi ukiwa mpevu nuru yake huishinda ile ya taa, samaki hutawanyika, na kambi nzima hupumzika. Uliza zaidi. Nani hulipia mafuta ya injini, na hesabu ya tajiri mwenye mitumbwi na vijana wake hugawanywaje baada ya gharama kuondolewa? Asubuhi akina mama hununuaje, huanika wapi, juu ya mchanga au juu ya mawe au vichanjani, na mvua ikiwanyeshea dagaa waliokwisha kuanikwa hupata hasara gani, maana waliooza hawaliwi tena na watu, huuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku? Siku za mbalamwezi, wakati vijana hawana kazi wala fedha, ni madeni gani hudaiwa, na ni ndoa gani huvunjika?

Ukiisha kuyaandika hayo yote, yaweke kando, umtafute mtu. Mathalan, mwanamke aliyekopa fedha za kikundi akanunua dagaa, akawaanika alfajiri, na saa nne ya asubuhi hiyo mume aliyemtoroka miaka mingi nyuma anashuka kwenye mtumbwi, amesimama mbele yake na kofia mkononi, ilhali upande wa ziwa mawingu meusi yanapanda. Msomaji aliyekwisha kufahamishwa thamani ya dagaa wale hatakuwa na haja ya kuambiwa ya kuwa moyo wa mwanamke umegawanyika, mawingu yatamwambia. Laiti ungalianza na mawingu bila ya deni, yangalikuwa pambo, na mapambo ya namna hiyo, machweo ya jua juu ya Jiwe la Bismarck na mengineyo, yamejaa katika daftari za waandishi wachanga wa jiji letu, nami nakusihi uyafute yote isipokuwa lile ambalo mhusika wako analazimika kulitazama.

Kezilahabi atakufundisha mambo ya namna nyingine. Alizaliwa Namagondo mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi, ambayo siku hizi imo ndani ya jiji, akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafundisha, akapata shahada ya uzamivu huko Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, na miaka yake ya mwisho akafundisha Botswana, hata alipofariki Januari 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ilikatazwa shuleni kwa muda kwa sababu ilisema wazi mambo ya wasichana na walezi wao ambayo watu wazima waliyajua na kuyanyamazia. Mwandishi mchanga akisikia habari hiyo huelekea kudhani ya kuwa siri ya kitabu ni kule kuthubutu kutaja yasiyotajwa. Sivyo. Ukiisoma kwa makini utaona ya kuwa nguvu yake imo katika insafu: baba mkali amepewa sababu zake, binti amepewa makosa yake, na mtunzi hakuingia kati kumwokoa yeyote.

Hilo la kutowaokoa wahusika ni gumu kuliko linavyosemeka, hususan kwetu sisi tuliolelewa katika hadithi ambazo mwema hulipwa wema wake kabla ya usiku kwisha. Katika Kichwamaji ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, Kazimoto ni kijana msomi ambaye elimu imemtenga na kijiji bila ya kumpa makao mengine, naye anaachwa aende mpaka mwisho wa njia yake, mwisho mchungu. Sikushauri umuue mhusika wako, nakushauri umfuate. Ukifika mahali unapoona ya kuwa kwa tabia uliyompa hana budi kusema uongo, basi aseme, hata ikiwa ulimpenda na ulipanga awe mkweli; maana msomaji huyatambua mara moja maneno yaliyotiwa kinywani mwa mtu kwa nguvu. Na kama una adili la kufundisha, na sioni aibu yoyote katika kuwa nalo, liache litoke katika matokeo ya vitendo, wala usimpe mzee wa kijiji hotuba ya kurasa mbili ya kulieleza.

Katika maisha ya mwandishi huyu mna funzo pia kuhusu athari za waliotangulia. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, aliijenga riwaya yake juu ya watu ambao majina yao yenyewe hutangaza sifa zao, Adili, Karama, Utubora, na lugha yake hupanda kwa vina na vituo kama lugha ya mshairi, maana ndivyo alivyokuwa. Kezilahabi hakumfuata katika njia hiyo. Lakini kabla ya kuiacha alimchunguza, akaandika tasnifu yake ya shahada ya pili juu ya riwaya za mzee huyo. Nakuomba ufanye vivyo hivyo. Mwandishi ambaye unahitilafiana naye msome kwa ukamilifu kuliko hata yule umpendaye, uweze kusema kwa ushahidi ni wapi njia zenu zinapoachana. Maana aliyemwacha mtangulizi wake bila ya kumjua aghalabu hurudia yaleyale aliyoyakimbia. Wala usijifunge kwa watu wa ziwa peke yao. Msome Muhammed Said Abdulla upate kuona jinsi fumbo linavyochelewesha jawabu, na Shafi Adam Shafi katika Kuli uone jinsi jasho la bandari ya Unguja linavyoweza kuwa kisa. Ukisikia ya kuwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitunukiwa Nobeli ya fasihi mwaka 2021 kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza akiwa ughaibuni, soma Paradise, uone jinsi safari ya msafara wa biashara kwenda bara inavyosimuliwa kwa macho ya kijana asiyejua kwa nini ametolewa nyumbani.

Nikifika katika suala la lugha, namkumbuka Ruhumbika. Riwaya yake ya kwanza, Village in Uhuru, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1969. Baada ya hapo akageukia Kiswahili, akatupa hadithi za Uwike Usiwike Kutakucha mwaka 1978, na riwaya ya Miradi Bubu ya Wazalendo mwaka 1992. Kwa maoni yangu, mwandishi wa Mwanza anaweza kufanya lolote kati ya hayo, mradi ajue anamwandikia nani. Walakini lugha ambayo kondakta wa daladala ya Igoma, na mwalimu wa Misungwi, na muuza mabondo ya sangara, na padri, na mganga wa Bugando wote hukutana ndani yake ni Kiswahili, nacho ndicho kitakachokupa mji mzima kwa pamoja. Simulizi yako iandike kwa Kiswahili fasaha, kisichotetereka, kisha katika mazungumzo uache kila mtu alete kilicho chake. Mzee wa Kisukuma akiamkiwa mwangaluka na aitikie kwao. Mjukuu amwite guku, si babu, ikiwa ndivyo wasemavyo nyumbani. Na kijana wa mjini amwamkie shikamoo. Usieleze neno la kienyeji katika mabano, wala usilirundike kwa ajili ya kupamba. Litie mahali ambapo msomaji wa Tanga asiyelijua atalifahamu kwa kuona lililofuata.

Majina nayo yataka uangalifu, na katika nchi yetu jina ni nusu ya kisa. Ukimwita mhusika wako Kulwa, kila msomaji wa kanda hii atamtafuta Doto. Na ikiwa Doto hayumo kitabuni, basi wewe mwenyewe sharti ujue yuko wapi, kama alikufa mchanga, au amekwenda kuchimba dhahabu Geita, au hazungumzi na pacha wake, kwa sababu kutokuwapo kwake kutasikika katika kila sura utake usitake. Ukimwita mwingine Shija, umekwisha kusema ya kuwa mapacha walimtangulia tumboni mwa mama yake. Mtunzi asiyelijua hilo huandika familia ambayo wenyeji hawawezi kuiamini, hata kama sentensi zake ni nzuri.

Sasa nataka nikae kidogo penye jambo ambalo moyo wangu hauwezi kulipita upesi. Ziwa hili lina misiba yake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, wakafa mamia ya watu, na wengi wao wamelala Igoma. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kutia nanga Ukara. Tena katika vijiji vya Usukuma vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na sababu iliyotajwa mara nyingi ni macho yao mekundu, ambayo yaliharibiwa na moshi wa miaka mingi ya kupika. Mambo hayo humvuta mwandishi, kwa sababu yana vitisho na machozi tayari, nawe huenda ukajiona una haki ya kuyatumia kwa kuwa wewe ni mzaliwa wa hapa. Haki hiyo unayo, lakini ina masharti. Jirani yako wa mtaa wa pili alimpoteza mama katika meli ile, naye atakisoma kitabu chako. Usitumie jina la marehemu yeyote, wala tukio linalotambulika kuwa la familia fulani, bila ya kwenda kukaa nao na kuwaomba ruhusa. Usivumbue kilio cha watu waliokufa kweli. Mara nyingi itakuwa bora kisa chako kianzie nyumbani, miaka kadhaa baadaye, kwa mtu ambaye mpaka leo hapandi meli, akazunguka kwa barabara hata pale ambapo maji ni njia fupi, na watoto wake hawajui sababu. Ama huyo kikongwe, nakusihi kwa jina la ubinadamu, usimfanye mchawi wa kumtisha msomaji. Mpe jiko lake, kuni zake, mifugo yake, shamba ambalo wako wanaolitamani, na macho ambayo wewe umekwisha kutueleza yalivyopata kuwa mekundu.

Kuhusu mazoea ya kazi sitasema mengi, maana kila mtu ana nyumba yake na riziki yake. Chagua saa moja ya siku, iwe yako, na watu wa nyumbani waijue. Kwa wengi wetu saa kumi na moja alfajiri ni bora, kabla ya adhana na kengele na honi za malori kuanza kugombea masikio. Andika ukurasa mmoja, usisome wa jana isipokuwa mistari ya mwisho, uondoke. Kwa mwendo huo mwaka hautapita kabla rasimu ya kwanza haijatimia, ilhali anayengoja likizo ya kuandikia hukuta likizo imejaa harusi na misiba. Tembea na daftari dogo, uandike ndani yake maneno uliyoyasikia kama yalivyosemwa, bila ya kuyasafisha, hasa matusi ya mzaha baina ya watani, na namna akina mama wanavyokataa bei. Haya hayakumbukiki kwa kukisia. Jumamosi moja panda Bujora, ukaone makumbusho ya Wasukuma, na kama ni msimu wa ngoma, usitazame wachezaji tu, tazama wafuasi wa Wagika na Wagalu wanavyobishana kuhusu nani ameshinda, kwa maana katika ubishi huo utasikia usimulizi ulio hai kuliko wa vitabu vingi.

Rasimu ikiisha, ifungie sandukuni kwa muda wa mwezi au miwili. Ukiitoa, isome kwa sauti, peke yako kwanza, ukitia alama kila mahali ulimi ulipokwaa, kwa kuwa penye kukwaa ulimi aghalabu fikira nayo haikunyooka. Kisha wasomee watu wawili au watatu, na mmoja wao awe ni mtu wa kazi uliyoiandika: kama ni uvuvi, awe mvuvi, hata kama hajapata kusoma riwaya maishani mwake. Usimwulize kama ni nzuri, maana kwa adabu atakujibu ya kuwa ni nzuri sana. Mwulize ni wapi alichoka, ni wapi hakusadiki, na mtu gani katika kisa kile angependa kumjua zaidi. Akikwambia ya kuwa hakuna mvuvi angefunga kamba namna ile, mshukuru, na uifungue kamba upya hata ikikulazimu kubadili sura nzima. Sifa zake utazisahau. Hiyo kamba itakiokoa kitabu.

Ama kuchapishwa, jiandae kwa subira na kwa hesabu. Mashindano ya fasihi yamekuwa mlango wa wengi tangu zamani; Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda katika shindano la Idara ya Fasihi ya Afrika Mashariki kabla ya kuchapwa mwaka 1960. Leo iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na iko ile ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili. Soma masharti yao yote kabla ya kutuma, upeleke mswada uliokwisha kusahihishwa, na usitie sahihi mkataba wowote ambao hujausoma mbele ya mtu anayeifahamu sheria, hususan vifungu vya tafsiri na vya haki za filamu.

Na hifadhi nakala, zaidi ya moja, katika nyumba zaidi ya moja. Padri Simard alifariki kabla kitabu cha Kitereza hakijachapwa, na mwandishi, alipoona Kikerewe hakipati mchapaji, alikaa tena akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, tafsiri ambayo Tanzania Publishing House, iliyokuwa ikiongozwa na Walter Bgoya, iliitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kalamu kutua, na mwaka mmoja tu kabla ya mzee huyo kufariki. Hata baada ya Kiswahili kutoka, maandishi yale ya kwanza ya Kikerewe hayakutupwa. Kwa hiyo Ruhumbika alipoazimia kukitia kitabu katika Kiingereza, hakulazimika kutafsiri tafsiri. Alirudi kwenye maneno yenyewe yaliyoandikwa kisiwani, akayafanyia kazi, na matunda yake yakachapishwa na Mkuki na Nyota, nyumba aliyoiasisi Bgoya huyohuyo, mwaka 2002.